Nguru Anapokata Mkia: Namna ya Kufunga Ndoana ya Pili Kwenye Chambo Bandia

Chambo kikirudi botini bila samaki, usikirushe tena majini kabla hujakitazama. Kishike mkononi, kipanguse maji, kigeuze upande kwa upande. Ukikuta nyuzi za ngisi wako wa plastiki zimekatwa mshazari, mkato safi kana kwamba umepita wembe, na mkato wenyewe uko nyuma ya ndoana kwa upana wa vidole viwili au vitatu, basi umeshapata jibu. Samaki alikuja, alikusudia kula na aliuma kweli. Aliuma tu mahali ambapo hukuweka ndoana.

Wanaorambaza, yaani wanaovuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, kati ya Kunduchi na Kigamboni wanaijua hali hii vizuri. Mshipi unashtuka mara moja, mkono unahisi uzito kwa nukta moja, halafu kimya. Wengi husema "ameponyoka". Mara nyingi hakuponyoka, kwa sababu hakuwahi kushikwa. Dawa yake ni ndoana ya mkia, yaani ndoana ya pili inayofuata nyuma ya ile kubwa. Kazi yenyewe ni ya nusu saa barazani, lakini ikifanywa ovyo huharibu mwendo wa chambo, na chambo kisichoenda vizuri hakiumwi kabisa, si mbele wala mkiani.

Nani anauma mkia, na nani haumi

Nguru hamezi kwanza. Meno yake ni bapa, ya pembe tatu, yamejipanga mstari mmoja juu na mmoja chini, na taya zikifunga hupita kama mkasi. Anapofukuza samaki mdogo hutoka nyuma, hukata mkia ili windo lishindwe kukimbia, kisha hugeuka kuokota kilichobaki. Kanadi ana tabia hiyo hiyo. Mzia naye hukata, ingawa meno yake ni marefu kama misumari na huacha matundu na michubuko mirefu badala ya mkato safi. Kwa hawa watatu, ndoana ya mkia inalipa.

Jodari ni habari nyingine. Meno yake ni madogo, na windo dogo hulimeza zima. Akigonga chambo cha urefu wa kiganja, ndoana moja iliyonolewa inamtosha, na hiyo ya pili itakuongezea uzito na mizongo tu. Kwa hiyo ukitoka kwenda kisiwa cha Fungu Mbaraka kwa nia ya jodari, mkia uache nyumbani. Ukirambaza kandokando ya miamba kwa nia ya nguru, ufunge.

Alama zina lugha tatu. Mkato nyuma ya ndoana unadai ndoana ya mkia. Michubuko kichwani au ubavuni, pale pale ilipo ndoana, inaonyesha kuwa samaki aliifikia lakini haikuzama: hapo tatizo ni ncha butu, au mshipi ulivutwa kwa pupa. Na chambo kikirudi hakina alama yoyote siku nzima, kuongeza ndoana hakutasaidia kitu. Badilisha kina, mwendo, au mahali.

Nasisitiza hili la ncha kwa sababu nimeona watu wengi wakiongeza ndoana ya pili kabla ya kuinoa ya kwanza. Jaribio lake ni rahisi. Weka ncha juu ya ukucha wa dole gumba, iburute taratibu bila kukandamiza. Ikinasa na kuacha mstari mweupe, ni kali. Ikiteleza, chukua tupa ndogo na unoe kuelekea ncha, pande mbili za ndani kisha mgongoni, viboko vichache tu. Ukizidisha, unaifanya nyembamba na itapinda kwenye mfupa wa taya.

Vitu vya kuwa navyo

Ndoana na nyaya zinapatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi Kariakoo na vibanda vya karibu na soko la Feri. Kwa ndoana zenye alama ya mkwaju, namba kubwa ni ndoana kubwa: 7/0 inaizidi 5/0. Ndoana ya mkia iwe ndogo kuliko ya mbele kwa namba moja au mbili. Kwa ngisi wa plastiki wa sentimita 15 hadi 18, mimi naweka 7/0 mbele na 5/0 au 6/0 nyuma.

Waya nao uko wa aina mbili. Kuna waya wa uzi mmoja, mgumu, unaosimama wenyewe ukiushika. Na kuna waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa, laini, mara nyingi nyuzi saba. Kwa ndoana ya mkia ninaupendelea wa uzi mmoja, wa chuma kisichoshika kutu, unene wa karibu milimita 0.45 hadi 0.5. Hauhitaji kifaa cha kubania, meno ya nguru hayaukati, na ugumu wake huishikilia ndoana nyuma bila kukunjamana. Usidanganyike na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Zinaonekana imara siku ya kwanza, lakini kutu huanzia ndani, mahali usipopaona, na siku ya kukatika hakuna dalili inayotangulia.

Vingine: plaizi yenye mdomo mwembamba, tupa, rula, tyubu kuukuu ya baiskeli, msumari mwembamba, na miwani. Miwani ya jua inatosha. Kipande cha waya kinachokatika huruka, na jicho ni moja la kulia na moja la kushoto, hakuna la akiba.

Njia ya haraka: kuitundika juu ya ndoana ya mbele

Hii ni ya chambo chenye ndoana moja iliyo wazi, kama manyoya au ngisi mfupi, ambapo meno yanapita nyuma kwa sentimita mbili au tatu tu. Tundu la ndoana ya pili linavishwa kwenye pindo la ndoana ya kwanza, yaani pale ilipopinda, basi.

Unahitaji ndoana ya pili yenye tundu pana linaloweza kupita juu ya kijino, yaani kile kichomo karibu na ncha kinachozuia ndoana isichomoke, au ile inayouzwa tundu likiwa bado wazi, ambayo unalibana kwa plaizi baada ya kuivisha. Kabla ya kununua, ilaze ndoana kwenye kiganja kama inavyolala mezani, uitazame kutoka juu. Ukiliona tundu kama duara, limegeuzwa kwa ajili ya pete, na ukiivisha juu ya ndoana nyingine italala ubavu. Ukiona ukingo tu wa tundu, ndiyo unayoitaka: itasimama wima sambamba na ya mbele. Kosa hili dogo linawapata wengi, na ukishaivuta majini huwezi kuona kwamba ndoana imelala.

Kata vipande viwili vya tyubu, duara la ukubwa wa kitufe cha shati, na kila kimoja ukitoboe katikati kwa msumari. Tundu liwe dogo kuliko unene wa ndoana ili mpira ubane. Sukuma kipande cha kwanza kupitia ncha, kivuke kijino, kifike mwanzo wa pindo. Kisha vika ndoana ya pili. Kisha kipande cha pili, nacho kivuke kijino na kukaa nyuma yake. Sasa ndoana ya pili imefungiwa katikati ya vipande viwili: haipandi juu ya shina, ule upande ulionyooka, haitoki kwenye ncha, lakini inacheza. Itikise. Ikikwama mahali pamoja, mpira umebana mno, usogeze kidogo.

Tyubu huoza kwa jua na chumvi. Badilisha kila safari mbili tatu. Ni kitu cha bure, usikionee uchungu.

Njia ya waya, na hii ndiyo ya nguru

Ngisi wa plastiki mrefu anaachwa na ndoana moja katikati ya mwili, na nyuma yake kuna sentimita sita, saba, wakati mwingine kumi za nyuzi tupu. Hapo ndipo nguru anapokata. Ndoana ya pili inahitaji kufika huko, na waya ndio unaoifikisha.

Anza na kipimo, tena upime chambo kikiwa kimenyooshwa. Laza ngisi mezani, chana nyuzi zake kwa vidole ziwe sawa, weka ndoana ya mbele mahali pake halisi. Kisha laza ndoana ya pili nyuma yake mpaka pindo lake lilingane na mwisho wa nyuzi. Ncha ibaki ndani ya nyuzi za mwisho, isijitokeze nyuma. Pima kutoka tundu la ndoana ya mbele hadi tundu la ya nyuma. Tuseme umepata sentimita 9. Kiandike. Kata waya wa sentimita 35, kwa sababu kila ncha ya waya itakula karibu sentimita 10 katika kusokota, na waya mfupi unaumiza vidole.

Sasa fundo lenyewe. Wapo wanaosokota waya kama wanavyofunga nondo za jengo, uzi mmoja ukizunguka mwingine uliosimama. Fundo hilo huteleza. La kwetu lina hatua mbili, na zote mbili ni lazima.

Pitisha waya kwenye tundu la ndoana ya nyuma, uukunje ufanye kitanzi kidogo kama punje ya mahindi. Kibane kitanzi kwa plaizi, mkono wa kushoto. Nyaya mbili zinazotoka hapo zitanue, zipishane kwa pembe pana, karibu kama herufi X iliyolala. Zisokote zote mbili kwa pamoja, kila moja ikimzunguka mwenzake. Hapa ndipo jicho liwe karibu. Ukitazama msokoto kutoka ubavuni, lazima uone nyaya mbili zinazopanda kwa mwinamo ulio sawa, kama kamba ya katani. Ukiona waya mmoja umenyooka kama mti na mwingine unauzunguka kama mtambaazi, umekosea. Usijaribu kurekebisha, kata uanze upya, kwa sababu waya mgumu ukishapinda umeshadhoofika. Sokota mizunguko minne.

Hatua ya pili: waya mfupi sasa ukunje hadi usimame wima juu ya waya mrefu, kisha uuzungushe mizunguko mitano iliyobanana kabisa, bega kwa bega, kama uzi kwenye kibiringo. Mizunguko hii ndiyo kufuli ya ule msokoto.

Kipande kinachobaki usikikate kwa plaizi. Ukikata, unaacha kijincha kikali kitakachokuchana kiganja siku unapovuta chambo kwa mkono. Badala yake, kikunje katikati kifanye kama mkono wa kuzungushia kinu, kisha ukizungushe upande uleule uliokuwa ukizungusha, na kurudi, na kwenda. Kitakatika chenyewe palepale kwenye mzunguko wa mwisho, bila kuacha hata punje. Pitisha kidole. Usiposikia kitu, umefanya kazi nzuri.

Mara ya kwanza hutapata. Mimi nilipoteza waya wa mita tatu jioni nzima barazani Msasani kabla mzee mmoja jirani hajanikalisha chini. "Mwanangu, unaupiga vita waya," aliniambia. "Upe nafasi, tanua mikono." Ilikuwa ni hiyo pembe tu. Nilikuwa nazisokota nyaya zikiwa zimekaribiana mno, na waya mmoja ulikuwa unabaki umenyooka kila mara.

Fundo la upande wa pili ni hilo hilo, ila kabla ya kukaza pima tena. Waya mgumu haurefushwi wala haufupishwi ukishafungwa. Mahali pa kufungia upande wa mbele ni kwenye tundu la ndoana kubwa, pamoja na waya mkuu unaokwenda kwenye mshipi. Waya wa mkia unapita sambamba na shina na kutokea nyuma. Ikiwa tundu ni dogo na waya mbili zinabanana humo, usizilazimishe. Fanya kitanzi kwenye mwisho wa waya wa mkia, kipana kiasi cha kupita juu ya kijino, ukitundike kwenye pindo la ndoana kubwa na kukizuia kwa vipande vya tyubu kama katika njia ya kwanza. Hapo kipimo chako kianzie kwenye pindo badala ya tundu.

Ndoana zitazame wapi? Ya mbele naielekeza juu, ya nyuma pia juu. Wapo wanaozipishanisha, moja juu moja chini, ili taya zote mbili zipate ncha. Inafanya kazi, lakini kwenye maji ya kina kifupi karibu na miamba ile ya chini hukusanya majani ya baharini, na chambo chenye majani hakipati mgeni.

Waya wa nyuzi nyingi unaweza kutumika kama ndio ulionao. Haufungwi kwa fundo hili. Unabanwa kwa vijirija vya chuma laini, waya ukipita mara mbili ndani ya kijirija, na kwa kifaa maalumu chenye meno ya duara. Bana katikati, uache milimita moja kila ukingo bila kubana, la sivyo ukingo wa kijirija unakuwa kisu. Kwa sababu ni laini, waya huu huinama na ndoana kurudi nyuma kushika nyuzi za ngisi. Uvike mpira wa kusinyaa wanaotumia mafundi umeme, upashe moto kidogo, utasimama.

Nalisema la kifaa maalumu kwa uchungu. Msimu mmoja wa kaskazi nilikuwa na haraka, nikabana kijirija kwa plaizi ya kawaida, nikakisawazisha bapa kabisa nikidhani ndiyo uimara. Mbele ya Kigamboni nguru aliuma, tukamvuta mpaka ubavuni mwa boti, nikamwona mistari yake, mwenzangu ameshainua kulabu. Akatikisa kichwa mara moja. Waya ulirudi mweupe, hauna ndoana, na kijirija bado kilikuwa palepale kimelala bapa. Waya ulikuwa umechomoka ndani yake. Samaki yule aliondoka na ndoana tayani, kwa uzembe wangu.

Tangu siku hiyo hakuna fundo linalotoka nyumbani bila kupimwa kwa ndoo. Tundika ndoana ya mkia kwenye msumari mnene uliogongewa kwenye boriti, funga kamba upande wa mbele wa waya, ning'iniza ndoo ya lita 20. Maji ya lita 20 ni kilo 20. Jaza nusu kwanza, tazama fundo, kisha jaza. Miguu yako isiwe chini ya ndoo, na uso wako usiwe mbele ya waya. Fundo zuri linajikaza kidogo siku ya kwanza na kutulia. Likiendelea kusogea, livunje.

Kama unashiriki mashindano yanayofuata kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, jua mipaka yake kwa chambo chenye nyuzi: ndoana zisizidi mbili na ziwe za ncha moja moja; matundu yake yasiachane kwa zaidi ya inchi 12, yaani kama sentimita 30, wala yasikaribiane kuliko urefu wa ndoana kubwa; na ndoana ya mkia isizidi mwisho wa nyuzi kwa zaidi ya urefu wake. Kwa kipimo tulichokitumia hapo juu uko ndani ya mipaka mradi ndoana yako ya mbele haifiki sentimita 9.

Samaki wa plastiki mwenye ulimi

Rapala na wenzake, wale wenye ulimi wa mbele unaowazamisha na kuwatikisa, usiwafungie mkia wa waya. Mwendo wao unategemea mizani kati ya ulimi na mkia. Ukiongeza gramu chache nyuma, mtikisiko unakufa, samaki wa plastiki anakuja kama kipande cha mti.

Kwa hawa, badilisha badala ya kuongeza. Toa ndoana ya ncha tatu ya nyuma, weka ya ncha moja yenye shina refu zaidi, hivyo ncha inarudi nyuma sentimita moja au mbili bila uzito kuongezeka. Hapa ndipo unapohitaji ile ndoana yenye tundu lililogeuzwa, kwa sababu inakaa kwenye pete. Pete hizi ni kama za funguo, ila nene. Zifungue kwa ncha ya msumari, usizitanue kuliko inavyohitajika. Pete iliyobaki na mwanya, hata mdogo, itupe.

Uzito upime hivi: weka rula juu ya penseli, ndoana ya zamani na pete yake mwisho mmoja, mpya na pete yake mwisho wa pili. Zikikaribia kulingana, endelea. Kisha mtumbukize samaki wako kwenye ndoo ya maji ya bahari. Aliyekuwa anaelea aelee, na mkia usizame kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Jaribio ubavuni mwa boti

Chochote ulichofunga, kitazame kikienda kabla ya kukiachia mbali. Toa chambo mita tatu tu ubavuni, mashine ikiwa kwenye mwendo utakaorambaza nao. Kwa nguru natumia kilomita 8 hadi 12 kwa saa, simu inatosha kukuonyesha. Ngisi wa plastiki anatakiwa aende amenyooka, azame, atoke kuvuta hewa, aache mkia wa mapovu, arudi chini. Akizunguka kama pangaboi, ndoana ya mkia imekaa upande au waya umepinda. Akivuta kwa kuinamisha mkia, ndoana ni nzito. Shusha namba moja.

Tazama pia akiwa ametulia. Punguza mwendo ghafla, kisha uongeze. Ndoana ya mkia ikirudi mbele na kunasa nyuzi, fupisha waya au tumia uliosimama zaidi. Siku za kusi bahari inapochafuka, chambo hurukaruka na mizongo huongezeka. Siku hizo navua mkia na kubaki na ndoana moja, isipokuwa nikiona mikato.

Jaribio hili lifanyie nje ya hifadhi. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na baadaye visiwa vya Sinda, Makatube na Kendwa viliongezwa. Samaki wanaokua humo ndio hao tunaowakuta nje. Kuna maji ya kutosha upande wa bahari kuu.

Samaki akishaingia botini

Ndoana mbili ni hatari mara mbili, na hatari yake iko kwenye ile usiyoitazama. Nguru akiwa na ndoana ya mkia kwenye taya, ile ya mbele inaning'inia nje, wazi, na anapojipiga sakafuni inaruka naye. Usimshike waya. Mpige rungu kichwani kwanza, atulie, ukanyage mkia kwa kiatu, kisha ukate au uchomoe. Watoto na wageni wakae mbele ya boti wakati huo. Kama unataka kumwachia mdogo aende, bana vijino kwa plaizi kabla ya safari, utamtoa haraka na atapona.

Ndoana ikimwingia mtu ikapita kijino, usiivute kurudi ilikotoka. Kata waya kwanza ili chambo na samaki visiendelee kuivuta. Ikiwa imeingia kwenye nyama ya mkono au mguu, mahali pasipo kifundo wala mshipa mkubwa, kuna namna: pitisha kamba imara kwenye pindo, mwenzako akandamize shina chini kuelekea ngozi na kulishikilia, kisha kamba ivutwe kwa mpigo mmoja sambamba na ngozi, kuelekea nyuma. Kukandamiza kule ndiko kunakokiachisha kijino. Ikiwa ni usoni, karibu na jicho, shingoni, au kwenye kiungo cha kidole, iache ilivyo, ifunge isitikisike, geuza boti. Kwa vyovyote jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu apitie kituo cha afya kwa chanjo ya pepopunda kama hajachanjwa karibuni.

Jioni, kabla ya kula

Chumvi inakaa mahali palepale ulipofunga kwa ustadi: ndani ya msokoto na chini ya tyubu. Vua vipande vya mpira, suuza kila kitu kwa maji ya bomba, kikaushe kivulini. Waya usioshika kutu ukikaa umelowana dhidi ya ndoana ya chuma cha kawaida iliyopakwa bati, ndoana ndiyo inayoliwa, na huanza kwenye tundu, mahali pa mguso. Kwaruza kwa ukucha. Ukiona unga wa kahawia, ndoana hiyo imekwisha, hata kama ncha bado inang'aa.

Kila baada ya samaki mkubwa, kunjua waya wa mkia kwenye mwanga na uutafute mkunjo. Mkunjo mdogo kama nywele iliyovunjika unatosha kuufanya ukatike safari ijayo. Mkwaruzo wa meno pekee si neno. Mkunjo ni wa kukata na kufunga upya, ukiwa bado na nguvu, kwa sababu asubuhi maji ya bamvua yakianza kutoka hutakuwa na muda. Ndoana zilizofungwa nachomeka ncha zake kwenye kipande cha ndala kuukuu, moja moja, kila chambo na kipande chake, na kipimo cha waya nimekiandika juu yake kwa kalamu ya wino: 9, 9, 7, 11.